Mioyo Mia Mbili ya Mama Hereni

Sikio la kushoto la Mama Hereni lilikuwa na matundu manne, na siku zote mojawapo lilikuwa limevimba. Waliodhani ni uchafu hawakumjua. Lile sikio lilikuwa chombo chake cha kazi, kama mimi nilivyo na kibano na lenzi ya jichoni. Kila aina mpya ya hereni iliyoletwa na wauza jumla aliivaa mwenyewe siku saba, usiku na mchana, kabla ya kuitundika mezani. Sikio likiwasha au likitoa maji, mzigo wote unarudi ulikotoka, na muuza jumla anapewa maneno ya kumtosha hadi mwaka ujao. Sikio likinyamaza, hereni zinauzwa.

"Bora lioze langu kuliko la mtoto wa watu," alikuwa akisema huku akipaka mafuta tundu lililovimba.

Mimi ni fundi saa. Kwa miaka kumi na minne meza yangu na yake zilitazamana kwenye ukumbi wa chini wa jengo kuukuu, yeye upande wa ngazi penye mwanga, mimi upande wa choo, kwa sababu nilichelewa kuhamia na bahati sina. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na nikianza kumsifu mtu watu huuliza kama naumwa. Siumwi. Huyu mama namsifu kwa sababu anastahili, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema mahali pake.

Meza yake ilikuwa bao lililofunikwa kitambaa cheusi cha mahameli, na misumari midogo safu kwa safu: hereni, mikufu, vikuku, pete za kubana, vishaufu vya puani. Vitu vya bei ya chini, na hakujificha. Mteja akimuuliza kama ni dhahabu, alimjibu, "Ningekuwa na dhahabu ningekaa hapa nikitazamana na huyu mzee aliyenuna?" Mzee aliyenuna ni mimi.

Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kutoboa masikio ya watoto. Alichemsha sindano kwenye sufuria ndogo, akaifuta kwa spiriti, akaweka alama kwa kalamu kwenye ndewe zote mbili, ile nyama laini ya chini ya sikio, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja, kama seremala anayeangalia kama ubao umenyooka. Kipande cha barafu, hadithi ya uongo kuhusu paka aliyekwenda kunyolewa, na kabla paka hajakaa kwenye kiti tundu limeshapita.

"Sura nasahau," alituambia. "Majina ndiyo usiseme. Lakini sikio nililolitoboa mimi, silisahau."

Tulimcheka. Muuza viatu wa meza ya tatu alisema huo ni uongo wa kuvutia wateja. Basi siku moja akapita msichana wa shule, mwenye miguu mirefu ile ya umri wa kurefuka, na Mama Hereni akamshika bega. "Wewe! La kulia lilipanda kidogo kwa sababu ulinipiga teke. Halafu ukanitapikia maziwa begani." Msichana akampigia mama yake simu hapo hapo ukumbini, na mama akathibitisha yote, mpaka maziwa. Muuza viatu akafyata mkia, akajifanya anapanga masanduku.

Sasa niseme habari ya mioyo.

Muuza jumla alileta mfuko wa vidani vidogo vyenye umbo la moyo, vya rangi ya dhahabu, mia mbili, vimelala kwenye pamba. Vilikuwa vizuri, sisemi uongo. Vilikuwa na ule uzito unaomfanya mtu aamini ameshika kitu cha maana. Mama Hereni akautia moyo mmoja kitanzi, akauning'iniza kwenye tundu lake baya kuliko yote, lile linalowashwa hata na upepo. Siku saba. Sikio halikusema neno. Akaongeza siku saba nyingine kwa furaha tu, na sikio lile lililokuwa limevimba tangu mwaka jana likapona kabisa.

"Fundi," aliniita kutoka ng'ambo, akilivuta sikio ili nilione, "hebu tazama! Hii ni safi kuliko pete ya harusi yangu!"

Na kwa kuwa ni safi, aliamua isiuzwe. Iwe nyongeza. Kila mtoto atakayetobolewa masikio atafungwa moyo mmoja mkononi kwa uzi mwekundu, ili apate cha kuchezea na asahau maumivu. Mtoto wa kwanza kuupata alikuwa mjukuu wake mwenyewe, binti wa binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka. Mama wa mtoto alifanya kazi kiwandani, kwa hiyo mtoto alishinda na bibi yake chini ya meza ya mahameli, kwenye mkeka wenye mito miwili. Bibi alimwita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. "Mke mwenzangu amenifungulia duka," alisema kila asubuhi, ingawa mke mwenza alikuwa amelala. Na mke mwenza, kama watoto wote wanaoota meno, alichopewa mkononi alikipeleka mdomoni.

Kwa miezi minane tulimwona akiunyonya ule moyo. Ukumbi mzima tulimwona. Tulisema, tazama alivyotulia.

Kisha akaanza kukataa chakula. Akawa analia akishika tumbo. Kliniki wakampa dawa ya minyoo, halafu dawa ya kuongeza damu, halafu wakabadilisha dawa ya minyoo. Lililomtisha bibi yake halikuwa tumbo. Mtoto alikuwa ameshajifunza maneno sita, na neno tamu kuliko yote lilikuwa "mwenza," alilolisema huku akivuta sikio la bibi yake. Maneno yakaanza kupungua. Yakabaki manne, kisha mawili. Kisha ikawa ukimwita anageuka polepole, anakutazama, na hasemi kitu.

"Fundi, mtoto anarudi nyuma," Mama Hereni aliniambia. "Umeona wapi mtoto anarudi nyuma?"

Daktari aliyeupata ugonjwa alikuwa dada mdogo tu, mpya kazini, na alifanya kitu ambacho wengine hawakukifanya. Alikaa kimya akamtazama mtoto kwa dakika tano nzima. Kisha akauliza, "Hicho anachonyonya ni nini?"

Akaukata uzi, akauweka moyo kwenye kiganja. Rangi ya dhahabu ilikuwa imekwisha upande mmoja, imenyonywa yote, na chini yake palikuwa na kijivu. Damu ikapelekwa kupimwa, na moyo nao ukapelekwa. Majibu yalipokuja daktari aliwaita bibi na binti yake wakae. Ilikuwa risasi, yale madini mazito ya kijivu wanayotengenezea betri za magari. Ilikuwa imejaa kwenye kile kidani, na ilikuwa imeingia kwenye damu ya mtoto, na ikishaingia kwa mtoto inakwenda kwenye akili.

Mama Hereni akamwambia, "Mwanangu, mimi niliivaa. Siku kumi na nne. Haikuniwasha."

"Risasi haiwashi, mama," daktari akasema. "Zinazowasha ngozi ni nyingine, kama nikeli, na hizo ulizirudisha vizuri. Hii haiwashi, haina harufu, haiumi. Mtu mzima anaivaa sikioni na hapati kitu. Mtoto anaimeza kidogokidogo kila siku."

Nimekaa nikilifikiria jambo hili mara nyingi. Mwuzaji mvivu, asiyejali, angeuza vile vidani kama alivyouza vingine, kwa wasichana wakubwa, na pengine asingeumia mtoto hata mmoja. Huyu aliwapa watoto kwa sababu alipima. Kipimo chake kilikuwa cha kweli na alikilipia kwa nyama ya sikio lake, ila kilikuwa kipimo cha sumu nyingine. Tafadhali msiniletee ile methali ya kila king'aacho. Mama yule hakudanganywa na mng'aro.

Alirudi ukumbini siku ya pili, akaketi, hakutundika kitu. Akamwaga mioyo iliyobaki kwenye mahameli, akaihesabu mara tatu. Ilikuwa hamsini na minane. Ile mia na arobaini na miwili mingine ilikuwa mikononi mwa watoto wa watu.

Muuza viatu, ambaye si mtu mbaya, ni mwoga tu, akamsogelea. "Dada, sikiliza. Mtibu mjukuu wako, hiyo mioyo itupe, unyamaze. Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Watakuja kukupiga hapa. Na maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini yanafutwa kabla mtu hajateleza," Mama Hereni akasema. "Na mficha uchi hazai, kaka. Nipe sanduku la viatu, tupu."

Akalipasua lile sanduku, akachukua kalamu ileile ya kuwekea alama masikio, akaandika kwa herufi kubwa, na akalitundika juu ya kioo chake kilichovunjika kona: NILIWAPA WATOTO WENU MOYO WENYE SUMU. SIKUJUA. ULETENI HARAKA, NA MTOTO APELEKWE KUPIMWA DAMU. Chini yake akaandika namba yake ya simu.

Nilikaa nikilisoma lile tangazo, na siku ile sikufungua saa ya mtu.

Walikuja. Wengine walirusha moyo mezani wakaondoka bila salamu. Mama mmoja alimwita mchawi mbele ya ukumbi mzima, akaivuta mahameli ikaanguka na kila kilichokuwa juu yake. Mama Hereni alikaa palepale, mikono magotini, akangoja mwenzake amalize, kisha akamwambia, "Una haki. Sasa mtoto apimwe. Daktari anawapokea kila Jumatano asubuhi, nimeshaongea naye, hakuna foleni. Nitakusindikiza." Yule mama alilia kwanza. Kisha wakaondoka pamoja, wameacha hereni sakafuni, na mimi na muuza viatu tukaziokota.

Lakini waliokuja wenyewe hawakufika sitini. Waliobaki ilibidi wafuatwe, na daftari hakuwa nalo. Alikuwa na masikio.

Kama nisingeyaona ningekataa. Alikwenda kliniki siku za kupima uzito wa watoto, akapita kwenye mabenchi taratibu, akitazama watoto upande, si usoni. Alisimama nje ya shule za chekechea saa ya kuchukuliwa watoto. Alipanda ngazi za majengo marefu akibisha hodi mlango kwa mlango. Magoti yake, ambayo hata kutoka kwenye kigoda yalilalamika, aliyafunga kitambaa akaendelea. Jioni alirudi kupitia ukumbini kuweka alichopata kwenye kopo la maziwa, na kuniambia. "Leo watatu. Mmoja yule wa ndewe fupi. Mwingine pacha, na pacha mwenzake nimempata kwa shangazi yake."

Kwa wale ambao moyo ulikuwa umepotea au umetupwa, alihesabu mtoto. Akishamwona kwa macho na akishajua atapimwa, alimweka kwenye hesabu. Watoto thelathini na wanne walikutwa na risasi nyingi kwenye damu. Wengi wao walikuwa hawajaonyesha dalili yoyote, na wangeendelea kunyonya mpaka maneno yao nayo yaanze kupungua. Daktari aliliambia baraza la wafanyakazi wa kliniki, nami nilikuwepo nikiwa nimebeba saa yao ya ukutani, kwamba kwa miaka yote ya masomo yake hakuwahi kufundishwa na mtu kama alivyofundishwa na huyu mama. Nilitaka kupiga makofi, ila nilikuwa na saa mikononi.

Na mke mwenza je? Moyo ulipoondoka mdomoni, nyumba ikadekiwa kila kona, mkeka na mito vikachomwa, akapewa dawa, maziwa, mboga za majani, na damu yake ikapimwa tena na tena. Namba ilishuka polepole. Asubuhi moja nilikuwa nafungua saa ya mteja nikasikia ng'ambo sauti ndogo yenye kukwaruza ikisema, "Mwenza." Mtoto alikuwa amelishika sikio la bibi yake kwa mikono miwili. Bibi hakusogea, ingawa ndilo lile sikio bovu. Alikaa hivyo mpaka mtoto alipochoka mwenyewe.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Ingeishia, kama nisingekuwemo mimi.

Hesabu yake ilifika mia na arobaini na moja ikasimama. Mmoja haukuonekana. Alirudi kliniki, akarudi shuleni, akapanda upya ngazi alizokwisha kuzipanda. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wateja wapya walikuja na watoto wao, kwa maana watu ni wa ajabu, baada ya yote yale walimwamini zaidi kuliko zamani, naye akawakatalia.

"Sitoboi," aliwaambia. "Kuna sikio nimelisahau. Mpaka nilipate."

Jioni moja alikuja akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, akalifungua kopo la maziwa, akalifunga. "Fundi, nimezeeka. Nilijisifu silisahau sikio, na Mungu amenionyesha. Kuna mtoto mahali fulani, sasa hivi tunavyoongea, ananyonya ule moyo, na mimi nimemsahau." Hapo akalia. Hakulia alipoitwa mchawi, hakulia daktari aliposema risasi. Alilia kwa ajili ya yule mtoto wa mwisho.

Nikavuta droo yangu ya betri zilizokufa, nikautoa moyo.

Ulikuwa mzima, na rangi yake yote, ila ukingoni ulikuwa na mkato wa kisu. Chini yake palikuwa na kipande cha karatasi chenye mstari mmoja wa kijivu. Siku mfuko ule ulipoletwa, Mama Hereni alikwenda kuchota maji ya sufuria yake, nami nikachukua moyo mmoja. Uzito wake haukunipendeza. Niliukwangua kwa kisu, ukakatika kama sabuni. Nikausugua kwenye karatasi, ukaandika kama penseli. Mimi nimelehemu vyuma maisha yangu yote, na risasi naijua. Lakini mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwonya kuhusu pete fulani, nikamfanya azirudishe zote, na ikaonekana hazikuwa na kosa. Ukumbi ulinicheka mwezi mzima. Waliniita Daktari Sumu. Basi safari hii nikaogopa kuchekwa, nikautia moyo drooni, nikasema kila mtu na meza yake. Na alipoanza kuwafunga watoto mkononi, kila siku niliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi kusema.

Hiyo ndiyo sababu yangu nyingine.

Aliushika akautazama. Neno lake la kwanza halikuwa nililolitarajia. "Kwa hiyo hayuko?" aliuliza. "Hakuna mtoto wa mwisho kabisa?"

"Hayuko."

"Mungu mkubwa." Akafuta uso kwa kiganja, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha, nawaambia, furaha kabisa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Kisha kidole chake kikafika kwenye mkato. Akaitazama karatasi. "Uliukata lini?"

"Siku ulipoletwa."

"Kabla ya mke mwenzangu?"

"Kabla ya mtoto yeyote."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Yeye akautia moyo kwenye kopo, akabana mfuniko, akainuka kwa kushika meza yangu.

"Jumatano kuna watoto tisa wanarudi kupimwa," akasema. "Mama zao wako kazini, na magoti yangu yamekwisha. Saa moja asubuhi uwe hapa. Utawabeba."

Hajanisamehe, wala sijamwomba. Kila Jumatano meza yangu imefungwa, na mwenye saa mbovu angoje. Nawabeba mmoja mmoja kupanda ngazi za kliniki, nawashika wakichomwa sindano, nawadanganya habari ya paka aliyekwenda kunyolewa. Mmoja wao bado hasemi, ingawa ana miaka mitatu. Nikimbeba kichwa chake hulala hapa begani, karibu kabisa na jicho langu. Sikio lake la kulia lina tundu lililokwenda pembeni kidogo, na ndewe yake imejikunja kwa ndani. Hilo silisahau.